Jokofu la Chumba Namba Saba

Kesho nakabidhi funguo:
wa mlango, wa kabati la mitihani,
na huu mdogo, wenye kutu, wa jokofu.

Mwaka waliponiteua naibu mkuu wa chuo
mhasibu Shelukindo alikuja na orodha ya bei:
kiti cha ngozi, kinazunguka, kina hadhi ya cheo.
Nikamwambia, kwa hela hiyo hiyo
ninunulie jokofu.
Akacheka. Joto la Tanga analijua,
akadhani nina kiu.

Nilikuwa nayo, lakini ya maji mengine:
ya Makorora, ya Mabawa, ya Duga,
maji ya visima kwenye chupa za dawa ya kikohozi,
mikononi mwa vijana wa mwaka wa pili
wasio na pa kuyaweka.

Kikaoni wakasema, hawa bado wanajifunza kujibu.
Nikasema, kujibu wamejibu tangu darasa la kwanza.
Waacheni waulize.
Hoja ilipita kwa kura moja,
ya mkutubi, ambaye nadhani alikuwa anasinzia
akazinduka mkono uko juu.

Ndivyo ulivyoanza mfuko wetu.
Laki moja na nusu kwa kila mtafiti, risiti zote zirudi.
Na risiti zenyewe!
Bodaboda hadi Pongwe, nyuma ya vocha ya simu.
Ndoo. Kamba. Maandazi sita ya mwenye kisima:
"gharama za kuingia uwandani," aliandika Kupaza,
nami nikapitisha.

Mwantumu Mhina alikuja analia.
Miezi minne kapima chumvi, visima ishirini na sita,
vya karibu na bahari, vya mbali na bahari,
na tofauti haipo.
"Sijapata kitu, mama."
Nikafunga mlango, nikamkalisha kwenye kiti changu cha mbao.
Umepata hapana, nikamwambia.
Hapana iliyochotwa kwa kamba mara ishirini na sita
ina uzito kuliko ndiyo ya mtu wa ofisini.
Iandike. Usiipunguze herufi.

Akaandika. Akapata B.
Wapo wanaotuma salamu sikukuu; yeye hajatuma,
na mimi sikumpa kiti ili anisalimie.

Niseme na hili, maana kesho sitakuwa na pa kulisemea:
tangu nipate cheo sijachapisha hata ukurasa.
Daftari langu la makapi ya mkonge
limeliwa na mchwa kuanzia sura ya tatu.
Saini zangu ni nyingi kuliko sentensi zangu.
Kuna usiku jambo hili huniuma,
kuna usiku nalala tu.

Leo nimelizima jokofu, barafu iyeyuke.
Nyuma kabisa, imeng'ang'ania ukuta, chupa moja.
Wino umevuja kwenye lebo:
"…miani, barabara ya kumi na…"
Kisima cha nani, sijui. Swali gani, sijui.
"Nimwage, mama?" Chausiku ndoo anayo mkononi.

Nikaifuta kwa upindo wa khanga, nikairudisha,
nikawasha umeme.
Na kwenye karatasi ya makabidhiano, penye samani,
chini ya meza moja, kiti kimoja cha mbao,
nikaongeza kwa mkono:
chupa moja. Mwenyewe anaweza kurudi.