Garanti

Miezi sita, anasema Kaumba,
komisioneri mwenye vumbi jekundu hadi magotini.
Sita mbele, na dola kumi za miguu yake.
Nilitoka Bukavu na mia na arobaini
zimeshonwa ndani ya pindo la kitenge.
Boti ya Kalemie ilikula, treni ikala.
Zimebaki tisini na mbili.

Ruashi, chumba hakina dirisha.
Kenya, mwenye nyumba aliuliza natoka wapi;
nilipojibu, chumba kikawa kimechukuliwa
asubuhi ile ile, na ufunguo bado mkononi mwake.

Jumanne, Katuba. Mama Mwansa, mjane,
kuta za matofali ya kichuguu,
choo kimoja, watu kumi na moja.
Alitazama kichwa cha cherehani mgongoni mwangu.
«Lipa mitatu. Mitatu mingine
utanishonea sare za wajukuu.»

Nimebaki na dola saba, na kigoda changu:
mguu mmoja mfupi, fundi alikikatia mteremko wa Kadutu.
Hapa sakafu ni sawa. Kinayumba.
Nimekunja risiti mara nne,
nikaisukuma chini ya mguu ule.
Basi. Lete kitambaa.