Jiwe la Achari

Miaka arobaini na mmoja lilikaa juu ya pipa
likikandamiza figili na chumvi
mpaka maji yatoke.
Bibi Hatsue alilipenda kwa uzito wake:
si zito la kupasua kifuniko,
si jepesi la kuziachia figili uvivu.
Babu aliliokota siku walipochonga barabara ya bonde,
akalileta ndani ya koti la mvua,
zawadi ya bwana harusi asiye na pesa.

Mimi ndiye niliyeligeuza.
Nilikuja likizo na macho ya chuo,
nikaona upande wa chini vitundu vitundu
kama mkate,
na ule mbonyeo
ambapo pingili huikalia pingili mwenzake.
Nikalilamba. Msicheke, ndiyo kazi yetu:
mfupa wa kale hunata kwenye ulimi, jiwe halinati.
Lilinata.
Lilikuwa na ladha ya figili.

"Bibi," nikasema, "huyu alikuwa na mkia."

Hakuuliza mnyama gani.
Aliuliza nitamletea jiwe gani badala yake.

Mfupa hausemi umri wake.
Huulizwa jirani.
Tukapanda hadi ukingo wa barabara,
mimi na Daktari Isomura na goti lake bovu,
tukasoma tabaka kwa tabaka: tope lililogeuka mwamba,
tope, tope,
kisha, upana wa kidole, majivu meupe
ya volkano iliyokohoa labda mchana mmoja tu.
Mwiko tuliusahau garini.
Tukayachota kwa kijiko changu cha supu.

Wiki tatu nikayaponda, nikayaosha, nikayachuja,
nikainama kwenye hadubini kama mtu achambuaye mchele
kwa ajili ya wageni asiowajua,
nikitenga punje za zirkoni.
Kila punje ilifunga mlango siku ilipopoa.
Humo ndani urani inageuka risasi,
taratibu, bila likizo, bila shahidi.
Unahesabu iliyosalia, unahesabu iliyozaliwa,
na huo ndio umri.

Nilipomweleza Bibi, kisu kilisimama juu ya ubao.
Urani.
Risasi.
Maneno hayo aliyajua kabla mama yangu hajazaliwa
na hakuyajulia kwenye mawe.
Kaka yake Sadakichi ana kaburi lisilo na mfupa hata mmoja.
Tukalisikiliza birika.
Kisha akaendelea kukata: "Kumbe
vinaweza pia kufanya kazi nyingine."

Milioni mia moja na kumi na nane.
Ongeza au punguza milioni moja na nusu.
Huo ni umri wa majivu; mfupa uko chini yao,
basi ni mkubwa wao, kwa kiasi gani sijui.
Wakati huo hapakuwa na kisiwa.
Nchi yetu ilikuwa pindo la bara,
bahari ya magharibi haijafunguka,
na mwenye mkia alikwenda alikokwenda kwa miguu.

"Ongeza au punguza?" Bibi akauliza.
"Ni kosa letu. Hatuwezi kulifanya dogo zaidi."
Akahesabu vidoleni: yeye tisini na mbili,
mamaye, nyanya yake aliyeuza hariri,
wafalme, mahekalu, vita,
akachoka, akakunja ngumi.
"Basi sote tunaenea ndani ya kosa lako."
"Na nafasi inabaki, Bibi."
Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Sasa lipo mjini, nyuma ya kioo,
na kibao kinachosema aliyelipata ni Babu
na aliyelitunza ni Hatsue, mkulima.
Alikwenda kulitazama mara moja.
Alinong'ona kwamba wamelisugua mno.

Nilimletea jingine kutoka mtoni, jeusi, la mviringo,
nikalipima kwa mizani ya maabara: uzito uleule,
gramu kwa gramu.
Majira haya figili zimetoka laini.
Bibi hanilaumu.
Amelipapasa, amelirudisha juu ya pipa.
"Hili bado changa," anasema.