Seremala Chini ya Meza

Mimi ni mkalimani, kinywa cha kukodi.
Miaka ishirini na mbili kibandani, Geneva,
neno "mageuzi" nimelimeza kwa lugha tatu
na halijawahi kunishibisha.

Jana hapakuwa na kikao. Alikuja seremala,
Urs Zurbriggen, theluji bado mabegani.
Aliambiwa: ongeza viti sita.
Akapiga magoti, akaingia uvunguni,
asikofika balozi yeyote.

"Viti si taabu," sauti ikatoka chini,
"viti ni kazi ya asubuhi moja. Lakini hii meza
ina miguu mitano ya chuma, imezamishwa sakafuni.
Iliyobaki ni vijiti, na gundi."

"Basi ifungue," akasema Teretia wa Kiribati,
aliyekuwa ngazini na mkate wake wa jibini,
akikariri hotuba ya dakika mbili
kuhusu kisima kilichogeuka chumvi.

Msimamizi wa jengo akaleta karatasi:
kufungua mguu kunahitaji saini ya mwenye mguu.
Mguu wowote. Saini zote tano.

Husemwa penye wengi hapaharibiki neno.
Sijui nani alihesabu wengi.

Urs hakubisha. Akaomba tochi;
Teretia akaingia naye, gauni likishika vumbi,
akamshikia mwanga. Kwa penseli
akaandika kwenye mbao, upande usiopigwa picha,
vipimo vya meza nyingine: upana, mzingo,
unene wa mguu unaong'oka.

Leo wameketi. Natafsiri.
Kila ngumi inapogonga meza
najua inagonga juu ya hesabu ile.