Kila Kaya ya Saba

Daftari la mtendaji wa Ndono lina kaya mia mbili na kumi.
Mimi nahitaji thelathini. Gawanya: ni kuruka saba saba.
Pa kuanzia, nilikunja vikaratasi saba, nikavitia kofiani,
mtoto wa mwenyekiti akachomoa namba tatu
akarukaruka, akidhani kuna zawadi.

Basi ya tatu, ya kumi, ya kumi na saba.
Jua la Septemba limekalia bani tupu za tumbaku,
vumbi hadi kwenye kope.
Kaya ya kumi ni ya Mayunga: bati jipya, sola,
baiskeli mbili. Jana mlikula mara ngapi?
Tatu. Naandika tatu.

Ya kumi na moja inanitazama.
Kalunde yuko mlangoni na ungo,
anapepeta kitu kisichofika hata kibaba.
"Mgeni, mbona hapa wapita kama pana ndui?"
Namweleza: ni nasibu, mama, si upendeleo.
Kila kaya ilikuwa na nafasi sawa. Jibu la Mayunga
linabeba na la kwako, na la wengine watano.
"Linabeba?" Anacheka kwa pua.
"Hata ndoo yangu ya maji hajawahi kuibeba."

Halafu ananifundisha kazi yangu.
"Wakati wa soko mnunuzi huchomoa shada moja robotani,
hulinusa, hulipangia daraja,
na robota zima likala bei hiyo hiyo.
Nasi twajua. Majani ya rangi ya dhahabu tunayapanga pembeni,
yaliyoungua yanalala katikati.
Mwaka juzi akaja mwingine,
akazamisha mkono hadi kwapani.
Tulilia.
Wewe, mkono wako unafika wapi?"

Dodoso lina kurasa kumi na mbili.
Swali hilo halina msimbo.

Na sikumwambia habari za wasio daftarini:
warina asali waliohamia dago moja kwa moja,
vibarua waliotoka ng'ambo ya Malagarasi,
kama yule Ngasa niliyemkuta ndani ya bani
akichemsha muhogo kwenye kopo la rangi.
Yeye hana nafasi moja kwa saba
wala moja kwa elfu saba.
Hana namba.

Usiku, kwa mwenyeji wangu, ni maharage.
Binti yake alikoroga chungu, akachota punje moja,
akaibonyeza kwa kidole, akasema yameiva.
Na kweli yalikuwa yameiva.
Lakini yeye alikoroga kwanza.
Ndono nani ameikoroga?

Kwa mwanga wa simu nikahesabu fomu: kumi na tano, zimetimia.
Nyuma ya ile ya Mayunga, pasipo kisanduku,
niliandika kwa penseli:
*Kaya 11. Imeuliza.*

Kesho naanza na ya mia na nane.
Sijui ya mia na tisa
nani atakuwa mlangoni.