Mfuta Ubao

Göttingen, Desemba 1913

Saa kumi na mbili jioni wanafunzi hutoka na moshi wao,
nami, Ottilie Rehbein, huingia na ndoo.
Leo mwalimu Wendelin ameacha mstari mmoja,
ameukandamiza hadi chaki ikavunjika:
"Kuahidi si kueleza jambo. Ni kutenda jambo."

Nilimsikia kupitia mlango, nikipangusa ngazi.
Alisema Myunani mmoja wa kale alizipanga kauli,
za kweli huku, za uongo kule,
akafika kwenye sala, ikamgomea.
Ee Mungu, tupe mvua: ukweli wake uko wapi? Uongo wake?
Akawasukumia washairi,
na sala ikakaa uani miaka elfu mbili na ushei.
Baadaye sana Mskoti mmoja akagutuka
kwamba mtu aweza kuwaza peke yake, mlango umefungwa,
lakini kuahidi, sharti pawe na sikio la pili.

Sikio la pili! Kwa hilo tu
wameunguza mishumaa mingapi?

Mimi mwaka wa tisini na tatu nilisimama mbele ya msajili
nikasema "Ndiyo", fupi kuliko chafya.
Sikuwa nimeeleza kitu.
Nilitoka na jina jingine, na mume anayekoroma,
na mama mkwe.

Ahadi ni deni, sawa, ila nani alikopeshwa?
Hakuna sarafu iliyopita mkononi, hakuna lakiri,
pumzi tu,
na tayari deni limevuta kiti
linakutazama ukila.

Tarehe mbili mwezi huu, pale ngazini, kofia mkononi,
mwalimu Wendelin aliniambia:
"Bibi Rehbein, makaa ya ukumbi huu niachie mimi."
Leo tarehe kumi na tisa.
Maji ya ndoo yanaota utando wa barafu.

Nimeokota kipande cha chaki.
Chini ya mstari wake, kwa mwandiko wa shule ya miaka minne,
nimeandika: "Makaa."

Je, neno hilo ni kweli? Ni uongo?
Kesho na akune kichwa.

Kufuta maandishi ni kazi yangu, nalipwa kwa wiki.
Deni halisikii kitambaa;
hulifuta mwenye kulipa, au mwenye kudai akisamehe.
Na mwenye kudai ni mimi,
na vidole vyangu vimekufa ganzi.