Rola ya Uzi Mweusi

Jumatatu hakuna mpira.
Jumatatu Mwakapala hufungua kibanda chake juu ya stendi ya Tukuyu
na kutoa, kwenye boksi la sabuni,
zile diski zisizo na jalada, zisizo na jina,
ambazo hakuna DJ aliyejisumbua kuzitafsiri.
Kiingilio mia mbili. Karanga unakuja nazo.

Tunakuwa watano, sita ukimhesabu mbwa wa Ambilikile.
Mvua ikianza kupiga bati
(na Tukuyu mvua haibishi hodi)
maneno yote yanazama, inabaki midomo inacheza.
Hasara gani? Hata kungekuwa kimya tusingeelewa.
Lugha zenyewe za kukwaruza koo,
za watu wanaovaa soksi mbilimbili.

Mimi ni fundi cherehani.
Wenzangu hutazama bunduki iko mkono gani,
mimi macho huanzia kwenye pindo.
Ile ya malkia na majoka, niliona zipu mgongoni mwa malkia,
nikacheka,
wakanigeukia kama nimecheka msibani.
Ile ya muuza mbuzi, saa mbili nzima na mbuzi hauziki,
Ambilikile aliiita upuuzi, akalala na mbwa wake.
Mimi niliipenda kwa ajili ya kofia tu,
ilivyokuwa ikichakaa polepole kuanzia ukingoni.
Aliyeichakaza kofia ile alilijua jua.

Lakini nilitaka kusema juu ya hii nyingine.

Mwanamke. Meza. Taa ya mafuta.
Koti jeusi la mwanamume, limefumuka kwapani.
Anatunga uzi sindanoni: mwekundu.
Anashona.
Basi. Dakika sita anashona, Mungu shahidi,
hakuna aliyegonga mlango, hakuna aliyelia.
"Maskini," akasema Ambilikile, "hana uzi mweusi."
Wote wakaguna: ndiyo, umaskini.

Nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimeona.
Ndani ya kopo la biskuti, kushoto kwa taa,
kulikuwa na rola ya uzi mweusi, imejaa, haijaguswa.
Na yeye aliiona.
Mkono wake ukaipita.

Nilirudi Makandana kwa miguu, matope hadi kwenye fundo,
na hasira nisiyojua ya nani.
Mtu haupiti uzi mweusi hivihivi.
Alitaka, huko mwenye koti aendako,
akiinua mkono kuita chai, au kumuaga mwingine,
ionekane kwapani
kwamba kuna aliyepita na sindano kabla yao.
Au alimchukia, akataka wamcheke.
Hilo nalo nimelifikiria, nikiwa naendesha cherehani.
Mshono mmoja unayabeba yote mawili na haukatiki.

Jinsi ilivyoisha, sijui.
Ilikwama palepale, sindano ikiwa hewani,
uso wake ukavunjika vipande vya kijani.
Mwakapala akaifuta diski kwa kanga ya mkewe,
akaipaka dawa ya meno, akaipulizia kama uji. Wapi.
"Kafukuze ndege," akaiambia,
akaitupa kwenye rundo la zile zinazokwenda kuning'inia mashambani
juu ya mahindi ya watu.

Nikampa mia mbili. Bei ileile ya kuingia.

Sina mashine ya kuichezea.
Nimeifunga dirishani, juu ya cherehani.
Jua likitoka, na hapa kwetu hutoka kama mgeni wa kulazimishwa,
kiduara cha mwanga hutembea ukutani,
hupita kwenye mashati ya watu yanayosubiri vifungo,
hupita kwenye gauni la kipaimara la mjukuu wa Bibi Tumpe,
halafu hutulia kidogo kwenye koti la Lusajo,
aliloniachia siku ile anapanda gari.
Chunya kuna joto, alisema, koti la nini.
Mwaka wa tatu huu.
Kwapa la kulia bado liko wazi.

Rola zote mbili ziko mezani.