Daftari la Lango

Ngumbaru ya Kaloleni huanza saa kumi na moja jioni:
madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao,
Mwalimu Nyaboke akimngoja Mutiso, seremala,
ashikaye chaki kama msumari.

Saa moja niko langoni, Kilimani.
Miaka kumi na minne nimewaambia wageni, "Andika jina,"
nikautazama wino kama mtu anayetazama mvua.

Jana usiku nilirudi nyuma, kurasa za Machi,
kidole chini ya herufi.
Si-mba.
Pu-nda Mi-li-a.
Ba-ba Ya-ko.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, tochi ikiwaka bure.

Leo gari limepiga honi.
Kijana akaandika mbiombio, akanisukumia daftari.
Nikasoma polepole, taa zake zikinipiga machoni.

"Pita," nikamwambia, "Bwana Kifaru."